Mdomo Uliomkalisha Barasa

Kuna Jumamosi moja ambayo magoti yangu bado yanaikumbuka, mwanangu. Nakuita mwanangu kwa haki: mimi niko Fom Tatu, wewe umeingia Fom Wani juzi na sanduku lako bado linanukia duka. Kwa hesabu za bweni, mimi ni babu yako. Nasikia umejiandikisha kwenye chama cha kupanda milima. Vizuri. Kaa nikuambie jambo.

Sisi wa Eldoret tuna ugonjwa mmoja. Kwa sababu kila asubuhi wakimbiaji wanatupita barabarani, tunadhani miguu yetu imeambukizwa. Mimi nimezaliwa mtaa wa Huruma, na mbio ndefu zaidi nilizowahi kukimbia ni za kuwahi chapati, lakini nilipofika na chama hicho kwenye ukingo wa bonde la Kerio nilijiona bingwa.

Ukingo ule umewadanganya wengi. Mlima wa kawaida unakuchosha kwanza, halafu unakuteremsha. Huu unaanza kwa kukuteremsha. Unashuka asubuhi na baridi yake, unacheka, halafu jua likiwa utosini ndipo unaambiwa nyumbani ni kule juu. Mzee Cheboi, mwenyeji wa pale aliyetuongoza, alituonya tushuke polepole na tutunze maji. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilimwaga nusu ya chupa yangu ili niwe mwepesi.

Nyuma yangu alikuwa Barasa, mwenzangu wa dawati moja, mtoto wa Moi's Bridge, kule kwenye mahindi mengi, mwenye mwili wa kutosha. Alikuwa amembembeleza mama yake mihula miwili ndipo akaruhusiwa. Alitaka kitu kimoja tu: kushuka na kupanda kwa miguu yake mwenyewe, kama wengine. Mimi nikampa jina la Trela. "Ondokeni njiani, trela la mahindi linakuja," nilitangaza kila kona, na watu wakacheka. Hata yeye alicheka, mara ya kwanza. Mara ya sita hakucheka, na sikuona, kwa sababu nilikuwa mbele nikikimbia.

Tukageuka kupanda. Kufika kama nusu ya njia, Barasa akakaa juu ya jiwe.

"Nyinyi endeni," akasema. "Trela linarudi chini. Nitatafuta gari huko bondeni."

Nikamwambia aache drama. Hakuniangalia. Mzee Cheboi, aliyekuwa wa mwisho safari nzima, akatufikia na kuelewa yote bila kuambiwa.

"Kijana," akaniambia, "huku kwetu anayejua njia hutembea nyuma ya wote. Unajua kwa nini?"

"Amezeeka?"

Ndiyo, mwanangu, nilisema hivyo. Ulimi hauna mfupa. Mzee hakukasirika.

"Ili asiache mtu. Wewe ulikuwa unakimbia mbele kumwonyesha nani, mbuzi?" Akaketi, akavua kofia, akajipepea. "Huyu umemkalisha kwa mdomo. Mwinue kwa mdomo huo huo. Tutangoja."

Nikajaribu utani wangu wa kawaida. Ukafa papo hapo. Nikapekua kichwa chote nikakuta kila utani nilio nao una mtu mwingine ndani yake, na mtu huyo anaumia. Sikuwa na hata mmoja ambao mimi ndiye niliyeanguka. Kwa hiyo nikasema ukweli, maana ndio uliokuwa umebaki.

"Barasa, pole. Na uangalie miguu yangu."

Akaangalia. Ilikuwa inatetemeka kama chekecheo kwenye mashine ya unga.

"Kumbe wewe pia umekwisha?"

"Tangu kona ya nne. Kila nikisimama nikisema ona vile bonde ni zuri, nilikuwa natafuta pumzi. Bonde lenyewe hata sijaliona."

Kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. Kisha akanitupia chupa yake, bado imejaa. "Kunywa, bingwa. Na usimwage."

Akainuka. Tukamweka mbele, kila mtu akafuata mwendo wake, na mimi nikawa nyuma na Mzee. Tukaanza kuzipa kona majina: Kona ya Nisamehe Mama, Kona ya Mwalimu wa Hesabu, Kona ya Nani Alisema Tuje. Nilicheka zaidi kwa mwendo ule wa kobe kuliko asubuhi yote ya mbio. Tulipofika juu, Barasa alishika bodi ya lori la shule lililotuleta kwa mikono miwili. Mimi nikageuka nikaangalia bonde, sasa bila kutafuta pumzi. Ni kweli ni zuri. Ukiona kwa macho ulikotoka, hata mtihani wa fizikia unapungua ukubwa kidogo.

Basi neno langu ni hili, mwanangu. Ukienda kutembea milimani, enda ukacheke, kwa sababu kupanda bila utani ni adhabu. Lakini wa kwanza kuchekwa uwe wewe mwenyewe. Miguu ikiwa na nguvu, zitumie kukaa nyuma na aliyechoka. Huko mbele hakuna zawadi, nimefika nikaangalia. Na ukimkosea mtu njiani, mwombe radhi njiani, usingoje mfike nyumbani.

Shuka kwa adabu, na Mungu akupandishe salama.