Nilivyopaka mafuta vikapu tisa vya disc golf, kesho yake bibi harusi akafika

Wakuu, Kisangani inawasalimu.

Ninachoandika hapa nilikuwepo, na makosa mengi yaliyomo ni yangu mwenyewe, kwa hiyo sina faida ya kudanganya. Shule niliiacha njiani. Mkiona Kiswahili kinayumba, mjue ni cha Congo, kinayumba lakini kinafika.

Mimi ni Rama. Kazi yangu ni toleka.

Kwa msiojua, toleka ni baiskeli ya kubeba abiria, nyuma ina kiti cha sponji. Changu nimekivalisha kitambaa chekundu chenye pindo za njano, hata asiyenijua ananijua kwa hicho kiti. Siku hizi pikipiki zimejaa mjini. Wenye haraka wametukimbia, tumebaki na akina mama wa soko, wanafunzi, na watu wanaopenda upepo.

Dieumerci ni wa kundi la upepo.

Huyu ni kijana wa rika langu. Alikaa Kampala kwa shangazi yake, akarudi na mfuko wa visahani vya plastiki, vya rangi rangi. Siku nilipombeba nilidhani anauza vyombo. Njia nzima namuuliza bei ya sahani, yeye anacheka tu mgongoni kwangu.

Nikampeleka hadi jardin, ile bustani ya watu wote kando ya mto. Akashuka, akatoa kisahani kimoja, akakirusha kwenye shina la mti. Akakifuata. Akarusha tena. Mimi nikasimama na baiskeli yangu nikijiuliza kama huyu kijana ana watu wa kumwangalia nyumbani.

Ndipo akanieleza. Mchezo unaitwa disc golf. Unasimama mahali, unarusha kisahani kuelekea kikapu kilichosimama mbali. Kikianguka njiani, unakifuata na kurusha tena kutoka pale pale kilipoangukia. Juu ya kikapu kunaning'inia minyororo. Kisahani kikigonga minyororo kinaishiwa nguvu, kinadondoka ndani. Unahesabu umerusha mara ngapi, na aliyerusha mara chache ndiye bingwa.

Kila kikapu wanakiita shimo. Hakuna shimo lolote. Hapo msiniulize.

Akanipa kimoja nijaribu. Cha kwanza kilimkosa mbuzi kidogo tu.

Cha pili kilipaa.

Wakuu, sijui niwaelezeje. Kilikwenda juu ya nyasi, kikainama kushoto kama ndege inayoutafuta uwanja wetu wa Bangboka, kikatua taratibu bila kelele. Mimi watu nawapeleka Bangboka na mabegi yao, wao wanapanda ndege, mimi naishia getini nageuza baiskeli. Siku hiyo kitu kilichotoka kwenye mkono wangu kilikuwa angani. Nilicheka peke yangu hadi Dieumerci akaniuliza kama niko sawa.

Sikuwa sawa. Tangu hapo nikawa mgonjwa wa visahani.

Sasa shida ilikuwa moja: visahani tunavyo, vikapu hatuna. Vya dukani vinatoka mbali huko, Dieumerci alisema hata Kampala wanavitafuta kwa taabu.

Hapo ndipo toleka ikaingia kazini. Juu tukaweka jante, yaani rimu ya baiskeli iliyopinda. Kwenye rimu tukaning'iniza minyororo ya baiskeli iliyokufa. Chini kikapu cha kekele, ile kamba ya porini wanayosukia viti. Wenzangu wa kituo chetu walileta minyororo yao ya zamani, na kila mmoja aliapa kwamba wa kwake umebeba watu wanene kuliko wa mwenzake. Fundi wa kuchomelea akatusaidia nguzo. Wiki mbili, vikapu tisa vimesimama.

Kulikuwa na mtu mmoja wa kumwomba ruhusa: Papa Alphonse, chef, yaani mkuu wa bustani.

Lazima mmuelewe huyu mzee. Kila Jumamosi maharusi wanakuja pale kupigwa picha kwenye maua, na maua yale anayamwagilia yeye, kwa mikono yake, kwa ajili yao tu. Maharusi ndio fahari ya bustani yake. Mtu akitema mate kwenye njia ya maharusi, Papa Alphonse anamsindikiza hadi nje.

Alizunguka vikapu vyetu vyote tisa, kimoja kimoja. Mwisho akasema:

"Ninawapatia samedi moja. Bibi arusi moja tu akikasirika juu ya hii vyuma, munangoa yote siku ile ile."

Tukakubali haraka sana, kabla hajabadili mawazo.

Dieumerci alikuwa hawezi kula kwa furaha. Mimi nilishafika mbali zaidi kichwani: naona watu wanatoka Banalia na kila mahali kuja kucheza kwetu, naona mimi nawabeba kwenye kiti chekundu, naona na mimi siku moja naingia ndani ya lile geti la Bangboka na mfuko wa visahani. Kichwa changu hakina breki.

Lakini yote hayo yalisimama juu ya Jumamosi moja.

Ijumaa alasiri Dieumerci akaenda kuchapisha karatasi za kuhesabia. Nikabaki bustanini peke yangu na vikapu. Nikaiangalia ile minyororo.

Mikavu. Mingine imeanza kutu.

Wakuu, mtu wa toleka kuona mnyororo mkavu ni kama mama kuona mtoto ana kamasi. Mkono unakwenda wenyewe. Kwetu sisi mnyororo mkavu ni aibu, wenzio wanakusikia unalia barabarani wanakucheka wiki nzima.

Nikachukua mafuta ya vidange, yale meusi wanayomwaga kutoka kwenye injini za pikipiki. Nikachanganya na mawese kidogo ili ing'ae. Nikapaka vikapu vyote tisa, pingili moja moja, sikuruka hata moja. Jua lilipoinama, minyororo iling'aa kama nywele za mtu anayekwenda misa.

Sikumwambia Dieumerci. Nilitaka akute tu.

Jumamosi asubuhi watu wakaja kama ishirini hivi. Wenzangu wa toleka, wanafunzi, na akina mama wawili watatu waliopita na mizigo yao wakaona bora wasimame. Dieumerci alikuja na polo nyeupe, kaptula nyeupe, soksi nyeupe. Nikasema moyoni, kaka, leo umependeza.

Akarusha wa kwanza. Kisahani kilikwenda vizuri kabisa, kikaingia katikati ya minyororo.

Hapo inatakiwa kelele, wakuu, ile chwaa ya vyuma. Badala yake ikatoka sauti kama ndizi iliyoiva imeanguka kwenye matope. Kisahani kikateleza katikati ya minyororo kikatokea upande wa pili.

Akakiokota, akarusha tena. Kikachomoka mkononi, kikaenda nyuma, kikagonga beseni la mihogo kichwani kwa mama mmoja. Mama akakishika, akakigeuza, akauliza kama kuna na kikombe chake.

Tukaendelea. Kila anayeokota kisahani anaondoka na vidole vyeusi. Kufika shimo la tatu, polo ya Dieumerci ilikuwa na mkono mzima umechorwa tumboni, vidole vyote vitano.

Akasimama. Akanusa kiganja.

"Rama. Nani alipaka vidange?"

"Ni miye. Ilikuwa imekauka."

Akanitazama. Akakaa chini kwenye nyasi, akafunika uso. Nikajua nimemuua mwenzangu kwa huzuni. Nikapiga magoti nimwombe msamaha, kumbe anacheka. Alicheka hadi akalala chali, na hiyo soksi nyeupe juu. Alipopata pumzi akanieleza kwamba minyororo ya mchezo huu inatakiwa kuwa mikavu kabisa, ndiyo inashika.

Tulitaka kusimamisha tuifute yote. Nani angekubali? Watu walishafika shimo la nne wanagombania visahani. Wakakata majani ya migomba, kila mtu na jani lake, unarusha, unafuta, unarusha, unafuta. Wenyewe walidhani ndiyo sheria za mchezo.

Na mimi nilikuwa nacheza vizuri, nisijifiche. Shimo la tano lina mparachichi katikati, lazima kisahani kiuzunguke. Nilirusha mara mbili tu, ndani. La sita kisahani kikaingia mtaroni, nikaingia nacho. La saba sikumbuki, nilikuwa nacheka. Kufika la tisa, mimi na Dieumerci tulikuwa sawa sawa.

Ndipo tukasikia honi.

Msafara wa harusi. Magari matatu, maua kwenye boneti. Papa Alphonse akainuka kwenye kiti chake, akakung'uta koti.

Na shimo la tisa, wakuu, tulilisimamisha wapi? Pembeni ya maua. Dieumerci alisema kikapu kitapendeza pale.

Bibi harusi aliitwa Sifa. Gauni jeupe, refu, pana, linafagia njia. Nyuma yake bwana harusi anatembea kama anabeba mayai, halafu marraine, mama wa kumsimamia, mtu mkubwa wa sauti kubwa. Wakatukuta ishirini sisi na mikono myeusi na majani ya migomba.

Sifa akaona kisahani cha njano mkononi mwangu. Akauliza ni nini. Dieumerci akaeleza. Akasema na yeye anataka kurusha.

Nikamwambia kwa heshima kwamba ni kichafu, dada, leo haifai. Akajibu kwamba leo ni siku yake, na amesimama kanisani tangu asubuhi, nani anamkatalia. Nikatazama upande wa Papa Alphonse. Ananitazama.

Nikakifuta kisahani kwenye shati langu, mbele na nyuma, nikafuta tena. Nikampa.

Akarusha kwa mikono miwili, kutoka chini, kama mtu anamwaga maji. Kisahani kikaenda kimelewa lewa, kikagonga minyororo, kikadondoka ndani ya kikapu.

Mara moja tu. Siku nzima hakuna aliyefanya hivyo.

Watu wakapiga kelele. Sifa naye alifurahi kupita kiasi, na kabla sauti yangu haijatoka kooni, alikimbia mbele akakumbatia kikapu. Minyororo na yote.

Alipokiachia, kulikuwa na mistari minne myeusi, kuanzia kifuani hadi kiunoni.

Watu wakaficha mikono yao myeusi nyuma.

Marraine akasema polepole, "Hii robe tunapashwa kurudisha lundi." Gauni la kukodi, wakuu, la kurudishwa Jumatatu.

Sifa akainamisha kichwa akajiangalia. Mdomo ukaanza kutetemeka. Papa Alphonse alishaanza kutembea kuja kwetu, na mimi nilikuwa naona vikapu tisa vikirudi kuwa vyuma chakavu, na Dieumerci akirudisha visahani kwenye mfuko.

Nikasogea katikati.

"Papa, ni miye nilipaka mafuta. Hawa wengine hawakujua kitu." Halafu nikamgeukia marraine. "Mama, mutu asipanguse. Munipatie unga ya fufu, ikauke vizuri."

Wakuu, hili ndilo jambo ninalolijua. Abiria wa toleka kila siku anachafuka na mnyororo, tena akiwa na nguo ya ibada. Ukisugua umeharibu. Unaweka unga mkavu wa muhogo, unabonyeza taratibu, unauacha unywe mafuta, unakung'uta, unaweka mwingine.

Mwuza fufu wa geti la bustani akaleta bakuli zima. Na kwa kuwa mistari ilikuwa kifuani, mimi nilitoa maelekezo nimegeuka, natazama mto. Bonyeza, mama. Usivute. Acha inywe.

Inataka muda, hii kazi. Sifa amesimama mikono wazi, mweupe wa unga hadi kidevuni, hawezi kukaa, hawezi kuinama. Bwana harusi hajui mikono yake aiweke wapi. Basi Dieumerci akampa kisahani.

Akarusha, kikaingia kwenye maua. Tonton wa bibi harusi, yaani mjomba wake, akasema hivyo sivyo, akavua koti, akarusha, kikapanda juu ya paa la gari. Wakaja na wengine. Viatu vya kung'aa vikaingia kwenye nyasi. Na Sifa pale aliposimama akaanza kuwacheka mumewe na tonton wake, mabega yanaruka.

"Usicheke," marraine anamwambia, "unga inaanguka." Na yeye mwenyewe amegeuza uso ameuma midomo.

Tulibadilisha unga mara tatu, mwisho sabuni kidogo na kitambaa chenye maji. Sitawadanganya kwamba yote ilitoka. Ilibaki kama kivuli cha kijivu, na shada la maua likishikwa vizuri linakifunika.

Papa Alphonse alikuwa amesimama muda wote huo, mikono nyuma. Sasa akamsogelea Sifa.

"Mama, ulikasirika?"

Sifa akajiangalia, akatuangalia sisi.

"Nitakasirika kama siyapigwa picha na ile kitunga."

Akapigwa picha na kikapu, kwa mbali kidogo safari hii, na kisahani cha njano kichwani kama kofia.

Walipoondoka, mzee alikwenda shimo la tisa. Akakitazama kikapu muda mrefu. Akatazama maua yaliyovunjika.

"Hii ya tisa musogeze kule. Iko karibu sana na maua yangu."

Akarudi kwenye kiti chake.

Mimi kwa hofu sikuelewa kitu. Nilishashika nguzo kwa mikono miwili naivuta, machozi yananitoka, kwenda kung'oa cha tisa halafu cha nane. Dieumerci akanishika mkono.

"Rama, acha. Alisema kusogeza. Hakusema kungoa."

Wakuu, tuliisogeza hiyo nguzo tukiwa tunaruka ruka.

Nilichojifunza ni hiki: kukipenda kitu hakutoshi, muulize kwanza anayekijua kinafanyaje kazi. Na ukiharibu, sema ni mimi, kisha tumia hicho kidogo unachokijua.

Nani alishinda mchezo, mimi au Dieumerci, hadi leo tunabishana, maana la tisa hatukumaliza. Mnaojua sheria amueni. Na kama kuna mwenzangu aliyewahi kuharibu shughuli ya watu kwa moyo mzuri kabisa, asinione peke yangu, aandike hapa chini nimsome. Kunicheka ruksa.