Fundi wa Picha Zinazokwama

Jua limeshapanda, na Fundi Waya amepiga magoti chini ya meza ya sebuleni, sikio karibu na kompyuta, anaisikiliza inavyohema. Juu yake, kwenye kioo, mwanamke mzee aliyelazwa hospitali anasema neno moja, anaganda mdomo wazi, kisha anarukia neno la nne.

"Sauti mbona inakuja vizuri," binti wa nyumba anasema. "Picha tu ndiyo inakwama."

Kwa mama yake, picha ndiyo kila kitu. Masikio aliyaacha kwenye kiwanda cha nguo. Kelele za mle ndani hazikumruhusu mtu kusikia hata jina lake, kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa midomo mitupu, mashine hadi mashine, na umbea ulifika kona ya mwisho kabla ya msimamizi. Mgonjwa wa kwenye kioo ni shoga yake, jirani wa mashine tangu usichana. Kesho anapasuliwa koo, na leo ameweka video hii mtandaoni kwa ajili ya mtu mmoja tu.

"Mama, si nikuandikie anachosema?" binti anauliza, akimtazama usoni ili asomeke.

"Shoga yangu aniage kwa karatasi? Nimekosa nini?"

Binti ameshahangaika. Ofisi ya intaneti ilimuuzia kifurushi kikubwa, kisha kikubwa zaidi. Dukani wakamwambia kompyuta imezeeka, atupe.

"Ndio wale wale," Waya anafoka kutoka chini ya meza. "Kiwanda nacho walisema kimezeeka. Nani alifungua hata bolti moja akatazama?"

Anakumbuka, na hataki kusahau. Mama yake mzazi alifuma humo. Mashine zilikatwakatwa zikauzwa vyuma chakavu, na wanawake waliowavisha watu wa mji mzima wakarudishwa nyumbani kwa kupewa mkono tu. Yeye alijifundisha ufundi kwa redio mbovu zilizotupwa nje ya geti. Mpaka leo, mwezi mzuri kwake ni ule uliolipa kodi ya chumba na kuacha kidogo.

Anafungua video ileile kwenye simu ya binti, kwa intaneti ileile. Inatiririka kama maji, ila kwenye kioo kidogo hivyo macho ya mama hayaishiki midomo.

"Intaneti haina kesi. Mwizi yumo humu humu."

Anafunga kurasa zilizoachwa wazi, anapunguza ubora wa picha. Inakwenda kidogo, inakwama. Ndipo anapoweka kiganja kwenye boksi la kompyuta na kukirudisha haraka. Limefunikwa kitambaa kizito chenye pindo jekundu, mpaka chini.

Anatoka kwenye uvungu ili mama amwone midomo. "Nani kaivisha koti?"

"Mimi. Mashine haiachwi uchi, mwanangu. Vumbi la pamba litaingia."

"Ndiyo mama, lakini zile mlizifunika zikiwa zimelala. Hii iko kazini, inatokwa jasho!"

Mama anajipiga paji la uso. "Basi nimeipika!"

Kompyuta ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi isije ikaungua, Waya anamweleza binti, na picha ya video ni mzigo mzito, ndiyo maana inaanza kukwama. Anavua kitambaa, anaizima, anafungua ubavu, anasugua feni na matundu kwa brashi mpaka vumbi linamkohoza. Anaiacha ipoe. Anaiwasha.

Shoga anaongea, na safari hii mdomo wake haukatiki.

Mama anasogea mpaka pua inakaribia kioo. Midomo yake inaanza kujibu, bila sauti, kasi kama zamani. Anacheka. Kisha hacheki.

Waya anaweza kuwasoma wote wawili. Mama yake mzazi alizoea kumgombeza kwa midomo mitupu mbele ya wageni. Anageukia ukuta na kukunja waya ambao umeshakunjwa.

"Wanasema nini?" binti ananong'ona.

"Muulize mama yako. Mimi nimeitwa kutengeneza kompyuta."

Akikusanya vifaa anaeleza anachokitaka: kuwazungukia wafumaji waliobaki, nyumba kwa nyumba, awapige video wakizungumza vile walivyozungumza kazini. "Vyuma waliviuza. Lugha hawakujua hata kama ipo, ndiyo maana haikuuzwa."

Mama, aliyekuwa akimsoma, anamshika mkono. Amekwisha kujifunga kilemba upya.

"Anza na mimi. Tena sasa hivi, umtumie kabla hawajamlaza usingizi hiyo kesho. Kuna neno kaniuliza, anangoja jibu."