Dakika Tatu za Bi Ardith

Bi Ardith Pruett alipika jikoni kwenye shule ya Pell Ridge, Arkansas, kwa miaka thelathini na mmoja, na wilaya nzima imekulia chakula cha mkono wake. Kusema mbele za watu hakukuwa kazi yake. Mumewe, alipokuwa hai, ndiye aliyekuwa na mdomo.

Kilichompeleka mbele ya baraza la wilaya ni kisima. Tangu kampuni ya kuku ianze kumwaga damu na mabaki ya machinjio kwenye shamba la jirani, maji yake yananuka yai viza, na mjukuu wake, mtoto wa bintiye Darla, akiogeshwa hutoka vipele mwili mzima. Sasa kampuni inaomba kibali cha kumwaga mara tatu ya hapo. Baraza likikubali, kisima kimekwisha, na nyumba isiyo na maji nani ataitaka?

Kila raia hupewa dakika tatu za kusema. Bi Ardith aliandika maneno yake kwenye daftari, akayasoma mbele ya friji wiki nzima.

Siku ya siku, viti vyote vya ukumbi vilijaa fulana za njano. Kampuni ilikuwa imesimamisha mashine na kuwaleta wafanyakazi wake kwa mabasi. Wenye visima wakabaki wamesimama ukutani. Darla naye alikuwa safu ya pili, ndani ya njano, anatazama viatu vyake.

Mwenyekiti alikuwa Royce Tackett. Mabango yake ya uchaguzi yalilipiwa na kampuni, wala hakuna aliyejisumbua kuficha.

"Karibu, Bi Ardith! Mkate wako wa mahindi naota mpaka leo!"

Hapo ndipo Bi Ardith alipoharibu. Kwao humwingilii mtu na shida zako kabla hujamjulia hali, labda kama hukulelewa.

"Asante, mwanangu. Mama yako nyonga yake vipi? Nasikia alianguka."

"Anatembea, tunamshukuru Mungu. Ila mkaidi huyo! Fimbo hataki."

"Mwambie nitampitia. Na wewe Glenda, pole na msiba wa kaka."

Wajumbe walikuwa watano, na wote watano akawajulia hali. Royce, mjanja yule, alijibu kwa kirefu, akaongeza na habari za mbwa wake. Ukumbi ukacheka, na Bi Ardith akacheka nao. Alipofungua daftari, kengele ikalia.

"Muda umekwisha, mama. Tunakushukuru sana."

"Lakini la maji sijalisema."

"Sheria ni sheria, Bi Ardith. Anayefuata, Darla Pruett."

Darla akasimama na karatasi iliyochapwa na kampuni. Hakumsalimu mtu. Akasoma kwamba amekulia jirani na shamba lile, kwamba maji ni mazuri, na kwamba familia yake inaunga mkono kibali. Nusu dakika, amemaliza. Fulana za njano zikapiga makofi. Bi Ardith naye akapiga, maana aliyesema ni mwanawe.

Kura zikawa tano kwa sifuri. Inauma, na sina neno la kuipoza.

Nje, Darla alimkimbilia mama yake penye magari.

"Mama, walisema nisiposoma nisirudi kazini Jumatatu. Na bima ya mtoto iko kwao."

"Najua."

"Basi nitukane, mama. Sema kitu!"

Bi Ardith alimfunga kifungo cha koti, maana kulikuwa na baridi.

"Umesoma vizuri," alisema. "Kila mtu amekusikia."