Unga Mweupe kwenye Vyuma vya Mikanda

Kiwandani walimwita Bi Chumvi. Miaka tisa kazi yake ilikuwa hiyohiyo: kufungia vyuma vilivyopakwa zinki ndani ya kabati lenye ukungu wa maji ya chumvi, kisha kungoja kuona vitapata kutu lini. Waliomtania kwamba analipwa kwa kungoja aliwajibu kuwa kutu haina haraka, wala haina ndugu.

Jumatatu ile aliweka vyuma vya kushikia mikanda ya viti vya mabasi. Mteja alitaka vikae siku nne bila doa. Jumanne asubuhi alipoinua kifuniko, vilikuwa vimeota unga mweupe kama vimepakwa chokaa. Unga ule ni zinki inayoliwa. Ikiisha, kutu nyekundu huingia kwenye chuma chenyewe, na chuma hicho ndicho kinachomshika abiria.

Meneja alikuja, akainama, akatazama. Alisema kabati ndilo bovu, na lori la mteja lingefika Ijumaa. Akamsogezea fomu.

"Andika vimepita. Kabati tutalitengeneza baadaye."

Bi Chumvi hakuigusa kalamu. Aliomba apewe nafasi ya kuthibitisha hilo kwanza. Meneja akampa mpaka Alhamisi, tena kwa shingo upande.

Alipima chumvi, ikawa sawa. Akapima unene wa zinki, haukupungua. Kilichobaki kilimpeleka mahali asipopataka: chumba cha kuchovya, kwa mjomba wake. Mjomba ndiye aliyekuwa msimamizi pale, na ndiye aliyemtafutia kazi. Yeye ndiye aliyemfundisha kuwa zinki peke yake haitoshi. Baada ya zinki chuma huchovywa kwenye dawa inayokiachia ngozi nyembamba ya kinga, kisha hukaushwa.

Akamwomba vyuma vilivyotoka kwenye dawa, vikiwa bado vimelowa.

"Leo unanichunguza mimi, mpwa wangu?" Mjomba alicheka, lakini macho hayakucheka.

Nusu ya vyuma alivikausha kwa feni. Nusu alivipitisha kwenye tanuri la kukaushia kama kawaida, na hapo ndipo alipoona kipimo cha joto. Karatasi ya ukutani iliandikwa sitini. Mshale ulikuwa umepita mia. Ngozi ile ya dawa ikipata joto namna hiyo hukauka kupita kiasi, ikapasuka nyufa zisizoonekana kwa macho, na chumvi ikapata mlango.

Aliviweka vyote kabatini pamoja na vyuma vya zamani vya mteja huyohuyo vilivyowahi kufaulu; kama kabati ni bovu, navyo vingeota unga. Siku mbili alingoja. Meneja alipita mlangoni mara kwa mara, akikohoa bila kikohozi.

Alhamisi akafungua. Vya zamani, safi. Vya feni, safi. Vya tanuri, vyeupe vyote.

Kabla ya kwenda kwa meneja alimfuata mjomba, akamwekea vyuma viwili mkononi, kimoja cha kila aina. Mzee alivigeuzageuza.

"Foleni ya vyuma ilikuwa ndefu," alisema hatimaye. "Nikaona joto likizidi, vitakauka upesi."

"Mjomba, lazima niandike."

"Andika. Lakini nitangulie mimi kusema."

Akatangulia kweli. Bi Chumvi alisimama nyuma yake ofisini, akimsikia akisema ni yeye aliyeongeza joto la tanuri. Meneja alimpigia mteja simu. Lori likaahirishwa wiki nzima. Zinki ikaondolewa kwa asidi, vyuma vikapakwa upya, vikamaliza siku nne bila doa.

Mjomba alivuliwa usimamizi, akabaki fundi wa kawaida. Mama yake Bi Chumvi alimwambia bintiye kwamba damu ni nzito kuliko maji, na kwa majuma kadhaa hakumpigia simu. Mjomba naye alimsalimu kila asubuhi kwa heshima kama anavyosalimiwa mgeni, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.