Kengele ya Saa Nne Asubuhi

Bi Winifred Garside alikuwa na vyumba tisa vya kupangisha vinavyotazama bahari ya Uingereza, na wageni wawili. Enzi za mama yake, viwanda vilipofunga kwa mapumziko, watu walilala mpaka kwenye bafu. Siku hizi mwenye nauli huenda kuota jua Hispania, na mji wa Saltby umebaki na wazee na upepo. Hali ingeendelea hivyo, nyumba ingeuzwa kabla ya majira ya baridi.

Kwa hiyo Bwana Tunstall wa halmashauri alipokuja na habari ya kibao cha ukumbusho cha kubandika ukutani, Winifred aliona riziki imebisha hodi. Marehemu Edmund Thurlby, mwandishi ambaye riwaya yake husomwa shuleni nchi nzima, alipanga hapo kiangazi kizima, Winifred akiwa na miaka tisa.

"Tutaandika: Humu ndimo alimotungia kitabu chake," alisema Tunstall, keki mdomoni. "Watakuja kwa mabasi, mama. Pa kuegesha tutapapata tukivunja kile kibanda cha ufukweni. Kinavuja na kunuka mikojo tu."

Winifred akaweka birika chini.

Thurlby hakuandika hata mstari humo ndani. Sheria ya wenye nyumba za wageni wa pwani ile ilikuwa moja: saa nne asubuhi kengele inalia, wageni nje, mvua inyeshe isinyeshe, mpaka saa kumi na moja jioni. Mwandishi yule, na kifua chake kibovu, alitolewa kama wengine. Kitabu kizima alikiandikia kibandani, koti limelowa, na Winifred akimpelekea chai ya kuiba kwenye chupa. Naye mwandishi alimsomea kurasa zikiwa bado na wino mbichi. Winifred hajapata tena kuwa na furaha ile.

Lakini kusema kweli kulimaanisha kukikosa kibao, na kumwanika mama yake mbele ya mji mzima.

"Kibanda msikiguse," alisema, akaeleza yote.

"Yaani mama yako alimtoa mgonjwa nje kwenye mvua?"

"Alikuwa mjane, vyumba tisa, mikono miwili. Wewe ungefagia saa ngapi?"

"Basi kibao kitakwenda kibandani. Umejitia kitanzi mwenyewe, mama."

"Najua. Maliza keki yako."

Kibao kilibandikwa mwezi wa tano, na kengele ya mama imetajwa humo. Winifred aliona aibu. Wiki nzima alikwepa duka la samaki. Ndipo asubuhi moja mke na mume kutoka Leeds wakabisha hodi, wamevaa makoti ya mvua.

"Hii ndiyo nyumba ya kengele?" aliuliza mke. "Tunataka chumba."

"Karibuni. Msiwe na wasiwasi, mnaweza kushinda ndani. Mimi simfukuzi mtu."

Mke akanywea. "Jamani, mama, usituharibie. Tumekuja kufukuzwa."

Wiki hiyo walikuja wengine sita, na ombi lao lilikuwa hilo hilo.

Walipokwisha kufika wote, Winifred akaitoa kengele kabatini, akapangusa vumbi, akasimama chini ya ngazi. Saa nne kamili akaitikisa. "Nje, nje! Mvua haijaua mtu!" Ilikuwa sauti ya mama yake kabisa. Wageni wakateremka wakicheka, wakakimbilia kibandani kwenye manyunyu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Winifred alibaki mlangoni na kengele mkononi, akimlilia mama yake. Kisha akaingia jikoni kujaza chupa ya chai.