Zamu Yangu ya Pedi

Nina hasira, na msiniambie nipoe. Baridi ya Sumbawanga mwezi wa saba inanipoza vya kutosha.

Kisa ni gemu. Si haya ya kwenye simu. Ni lile la kaseti, la kuunganisha na runinga, tulilocheza utotoni mtaani Chanji mimi na kaka yangu. Asubuhi za baridi kaseti haikushika, runinga ilijaa michirizi mitupu. Dawa yetu ilikuwa kuipasha kwapani, na sheria ya nyumba ilisema anayepasha ni mdogo. Mdogo ni mimi. Kwapa langu limefanya kazi kuliko jiko la mama. Nikishapasha, anacheza kaka! Sheria ya pili: anayekufa mchezoni anaachia pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Kaka hakuwa mtu wa kufa, na akifa anasema, "Hiyo haihesabiki, umenigusa." Sikumbuki kupata zamu nzima hata moja. Leo nimehitimu kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nina watoto, nina ndevu za kufagilia uwanja, na zamu yangu bado naitaka.

Wiki iliyopita mama alipanga upya sanduku lake, akaikuta kaseti chini ya vitenge. Nikatafuta mashine kuukuu mjini, nikamwita kaka kutoka Pito anakolima. Alikuja na debe la ulezi na majigambo yale yale.

"Hili mimi nililimaliza, dogo. Ukivuka daraja la moto kuna ikulu ya dhahabu."

Miaka yote ameishi kwa ikulu hiyo. Hata kwenye harusi yangu aliisimulia, wakwe wakapiga makofi.

Tukachomeka. Michirizi. Kaka, bila hata kunitazama, akaninyooshea kaseti.

"Pasha."

Na mkono wangu, msaliti mkubwa, ukaipokea! Ilikuwa imeshafika kwapani ndipo nikashtuka: mtu mzima mimi? Nikaichomoa, nikaitazama. Meno yake ya shaba yalikuwa na kutu ya kijani. Jasho! Miaka yote tulikuwa tunaiua huku tukijidai tunaitibu. Nikayasugua kwa kifutio cha mwanangu, picha ikaja safi.

"Lete pedi," kaka akasema.

"Leo naanza mimi."

"Mkubwa ndiye anaanza."

"Mkubwa si umeshamaliza? Kaa ule karanga."

Nikacheza. Jamani! Lile gemu ni baya ajabu. Kile kijamaa kinaruka kama kimebeba mfuko wa saruji. Unabonyeza leo, kinaruka keshokutwa. Muziki ni sauti mbili zinazogombana. Mawe yanakudondokea kutoka kwenye anga tupu. Kila shimo lilinipandisha hasira: hiki ndicho nilichokililia utoto wote? Lakini nilikaza, nikafika daraja la moto, nikavuka. Kaka akaacha kutafuna.

Runinga ikawa nyeusi. Kisha kijamaa kikasimama pale pale kilipoanzia, mlima ule ule, shimo lile lile.

"Ikulu iko wapi, kaka?"

"Labda hukuvuka vizuri."

"Iko wapi?"

Akapekuapekua maganda ya karanga. "Haipo. Sasa ningekwambia haipo, ungeendelea kupasha?"

Nilitetemeka mpaka meza ikatetemeka, na meza ikatetemesha mtaa. Jikoni mke wangu alicheka hadi akaangusha mwiko. Msaada wake uliishia hapo.

"Haya, umeona lenyewe takataka," kaka akasema, mkono ameshaunyoosha. "Lete nikuonyeshe njia ya mkato."

"Nimekufa?"

"Hujafa, lakini—"

"Basi subiri."

Nikaanza mzunguko wa pili, meno nimeyauma, nikilitukana kila jiwe. Gemu limezeeka vibaya kuliko sisi sote, hilo nalisema mbele ya yeyote. Ugali ukaletwa, ukapoa. Kaka akaita, "Dogo, tule." Sikuachia pedi.