Nyota ya Ncha Nane

Wiki iliyopita nilipita sokoni Bwera, nikamwona fundi akikata vioo. Nilisimama mpaka akaniuliza kama nanunua. Sikununua. Nilikuwa nimekumbuka chumba cha jirani yetu wa utotoni, mama aliyekimbia vita upande wa Butembo, akawa anasuka nywele karibu na kwetu. Chumba kile kilinukia mafuta ya nywele na maharage yaliyokaa jikoni tangu asubuhi.

Wateja wakiisha, alisimamisha vioo vitatu vikakutana kama kona ya boksi. Katika kona hiyo aliweka ncha moja tuliyoikata kutoka boksi la sabuni. Ndugu yangu, ungeona ncha ile moja ikigeuka nyota nzima, ncha nane, imening'inia hewani!

"Moja tu iko ya kweli," alisema kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Ile saba beko batoto ba kioo."

Alipenda kunitania. "Wewe unaogopa batu. Angalia humu, uko munane! Bote banaogopa?"

Hatukukata ncha ya pili kabla vioo havijaikubali ya kwanza. Ikipinda kidogo, nyota ilionyesha nyufa, tukaanza upya. Hivyo tulifika nane, tukazishona kwa uzi wa kusukia.

Niliipeleka nyota ile shuleni. Siku ya kuonyesha kazi, mgeni mmoja aliniuliza nani amenifundisha. Nikainama. Mwalimu akajibu, "Mimi. Ni hesabu za darasa langu." Wakampigia makofi. Mwalimu ambaye hakushika hata mkasi! Na jirani yetu alikuwa nje ya lango, amevaa kitenge chake kizuri, kwa sababu mlinzi alimwambia siku ile ni ya wazazi tu. Walimzuia yeye hasa!

Jioni nilishindwa kumtazama.

"Nilisikia makofi," aliniambia. "Balipenda, eh?"

Baadaye alihama. Chumba chake sasa ni duka la simu, na watoto wa pale hununua nyota za plastiki. Hakuna anayejua kusimamisha vile vioo.

Nilikaa kuandika haya kwa hasira, ili jina lake lijulikane. Kalamu ikasimama. Sote tulimwita mama wa Butembo. Na mimi, niliyeshinda chumbani mwake kila siku, sikuwahi kumwuliza jina.